Mvuke Chini ya Shati

Huruma, 9 Juni 2024

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa ngazi za ploti tunayopanga. Ndani Elsie amelala, na nikisogeza hata kiti ataamka. Ningepiga simu, lakini simu ya huko iko kwa jirani yako, na ninayotaka kusema si mambo ya kupaziwa sauti boma zima lisikie. Basi barua itakuja kwa basi kama kawaida, pamoja na sukari.

Elsie, wajina wako, hayuko sawa. Anashika tumbo na kujikunja, na anaweza kukaa siku tatu, nne, bila kwenda choo. Chakula anakitazama tu. Ukimvuta kope ya chini, ndani ni kweupe. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Mama, mtoto anapoteza maneno. Wakati wa Pasaka alikuwa anasema "baba kuja", anasema "maji", anasema "toka" akifukuza paka. Sasa ananivuta leso na kuonyesha kwa kidole. Juzi nilimwambia, sema maji nikupe maji. Aliniangalia tu, akaniangalia, mpaka nikampa. Atatimiza miaka mitatu Oktoba na badala ya kwenda mbele anarudi nyuma.

Kliniki walinipa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Zimeisha zote na yeye yuko vile vile. Marion, huyu jirani anayelea watoto wa ploti sisi tukiwa kazini, anasema mtoto amejaa sumu mwilini. Anauza chai za kusafisha mwili na vichupa vya mafuta ya kunukia, ya mkaratusi, ya mchaichai, na mengine ambayo majina yananishinda. Simkatai. Lakini naamini mkono wako kuliko pakiti yake. Ulimlea mume wangu Ooko kwa majani ya shambani na akawa mwanaume. Nitumie unachojua.

Ooko yuko. Kazi ya kuchomelea mageti imekuwa nyingi, anarudi amechoka, lakini anambeba Elsie kabla hata ya kuvua viatu. Ni yeye pekee anayeweza kumnyamazisha.

Binti yako,
Nangila


Sega, 15 Juni 2024

Nyar Bungoma,

Tangu Pasaka, binti wa Bungoma! Na unaniambia Juni! Wewe na huyo Marion mmekuwa mkimtazama mtoto kama watu wanaotazama televisheni. Sikugombezi. Nakugombeza kidogo tu.

Fungua mzigo polepole, usimwage. Mchaichai ni ule mrefu niliosuka kama nywele. Uchemshe mpaka nyumba nzima inukie, atokwe jasho. Majani madogo ni mwarobaini, yanasafisha damu. Ni machungu, atakataa, kwa hiyo mbane pua, akifungua mdomo apumue unamimina. Nililea sita hivyo na hakuna aliyeninunia mpaka leo. Chupa ni mafuta ya mkaratusi, mazuri, si yale ya kuchanganywa na maji huko Nairobi, soko la Muthurwa. Umpake kifuani na nyayoni.

Sasa sikiliza hili, maana nyinyi kwenu hamlijui. Mtoto akifukizwa huogopa giza la blanketi, analia, mvuke unapotea bure. Mfunike kwa shati la baba yake. Lile la kazi, lisilofuliwa. Jasho la baba linamtuliza. Nilifanya hivyo kule Makongeni mzee wangu alipokuwa akifanya kazi ya reli, watoto wote walitulia kama maji ya mtungi. Dondosha mkaratusi kwa kola, mfukize, halafu mwache alale nalo. Na usilifue. Ukilifua umemwaga dawa.

Kifungu chenye kamba nyekundu ni cha Ooko. Chake ni kikali zaidi. Mwambie anywe, na usimuulize maswali. Wanaume hawapendi kuulizwa habari za miili yao.

Nakuombea kila Jumatano na kina mama wa kanisa.

Mimi mama yako,
Adoyo


Huruma, 30 Juni 2024

Mama,

Mzigo nilichukua kwa ofisi ya basi, mwenye ofisi akaniuliza kama nimetumiwa shamba zima. Nyumba sasa inanukia kama kwako. Hata mama wa chumba cha juu ameteremka kuuliza tunapika nini.

Nilicheka ulipoandika habari ya shati, unisamehe. Lakini umenishinda. Siku ya kwanza nilimfunika kwa blanketi akapiga kelele mpaka watu wakafungua milango. Nikachukua shati la Ooko nyuma ya mlango, lile la kaki, nikadondosha mafuta kwa kola kama ulivyosema. Alinyamaza, Mama. Alikaa chini yake juu ya lile beseni la mvuke, ametulia, ametoa kidole kimoja nje kupitia tundu la kifungo na kunichezeshea. Siku hizi halali bila hilo shati. Anaiweka kola mdomoni na kuinyonya mpaka inalowa. Nikimnyang'anya analia, kwa hiyo simnyang'anyi.

Marion naye hakukubali kushindwa. Jumamosi alimwekea miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akatia unga wake na matone ya mafuta, na maji yakageuka rangi ya kahawia. "Ona sumu hiyo, mama Elsie! Ona vile ilikuwa imejificha!" Nilirudi nyumbani na furaha, karibu nilie. Jumapili nikaomba unga kidogo, nikautia kwa maji matupu bila mguu wa mtu. Yakageuka kahawia vile vile. Nikamwita aone. Alitazama beseni, akanitazama. "Basi hiyo ni sumu ya beseni," akasema, na hata hakucheka.

Kwa hivyo nimebaki na ya kwako peke yake. Lakini juzi na leo Elsie ametapika, na mwendo wake si mzuri, anajigonga kwa mlango kama mtu aliyelewa. Niendelee au nipumzishe?

Ooko anakunywa kile cha kamba nyekundu. Sikumuuliza kitu. Lakini nina macho. Kikombe kimemponyoka mara mbili, na mkono wa kulia unalegea kwa kifundo kama kitambaa. Anasema ni uzito wa mageti. Kuna kitu unajua?

Nangila


Sega, 6 Julai 2024

Nyar Bungoma,

Usipumzishe! Hapo ndipo wengi huharibu. Sumu haiwezi kutoka kimya kimya, lazima imsumbue mtoto inapotoka. Kutapika ni kusafishwa. Ongeza mwarobaini asubuhi na umfukize mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Akiyumba mshike, ni mwili unatafuta nguvu mpya.

Na usikimbilie hospitali. Watamdunga, watachanganya dawa yao na yetu, halafu hatutajua iliyoponya ni ipi na iliyoharibu ni ipi.

Ya mkono wa Ooko mwachie Ooko. Huyo ni mtu mzima.

Hilo la sumu ya beseni nimelisimulia kwa kina mama wa kanisa. Tumecheka mpaka mwalimu wa kanisa akatoka nje kuona kuna nini.

Adoyo


Huruma, 17 Julai 2024

Mama,

Ni haraka. Elsie alishikwa na degedege Jumapili asubuhi nikimvalisha viatu vya kanisa. Macho yaligeuka yakawa meupe na meno yakajifunga. Ooko alimbeba mbio mpaka barabarani, mkono mmoja ukimsaidia na mwingine haumsaidii. Tuko hospitali kubwa. Ilitulizwa, ikarudi, ikatulizwa tena.

Daktari ni msichana mdogo, hata pengine ni rika langu. Ameuliza mambo mengi. Mtoto anakula udongo? Maji mnatoa wapi? Amepewa dawa gani za kienyeji? Nikamwambia zote. Sikuficha, Mama, hata ungekuwa umesimama hapo singeficha. Akauliza baba yake anafanya kazi gani. Nikasema anachomelea mageti Kariobangi. Ooko alikuwa ametoka kununua maji. Wamechukua damu, wanasema jibu litachukua siku.

Nimeacha majani. Nimeacha yote. Tusigombane juu ya hilo sasa.

Nangila


Sega, 18 Julai 2024

Nyar Bungoma,

Umenyamaza, na ukinyamaza najua mambo ni mazuri, mtu huandika akiwa na shida. Mvua ilinyesha, mchaichai umeota mpaka unazuia njia. Huu ni wa kutosha miezi miwili. Nimemwekea wajina wangu na karanga za kukaanga, ila saga kwanza.

Sasa anasema nini? Ameanza tena "baba kuja"? Mfundishe na "dani kuja", maana Desemba nakuja mimi, na nataka aite nyanya yake nikishuka tu.

Adoyo


Huruma, 28 Julai 2024

Mama,

Barua zetu zilipishana njiani. Ya kwako niliisomea wodini na karanga zikiwa magotini mwangu. Niliwagawia kina mama wengine.

Jibu la damu lilikuja. Si minyoo, si mapepo, si jicho la mtu. Ni risasi, yale madini mazito yaliyo ndani ya betri za magari. Imejaa kwa damu ya mtoto kuliko ambavyo daktari amewahi kuona kwa mtoto wa umri huo. Aliniuliza tena. "Mama Elsie, fikiria vizuri. Kwenu kuna mtu anafanya kazi ya betri?" Nikasema hapana. Nilisema hapana kwa sauti ya mtu anayejua nyumba yake.

Siku hiyo Ooko alikuwa amerudi kazini. Nikamwachia muuguzi mtoto, nikachukua githeri kwa mkebe kama mke anayempelekea mumewe chakula, nikaenda Kariobangi kwa wachomeleaji. Vijana wakaanza. "Mathe, leo kuna sherehe gani? Hiyo ya nani, tusaidie?" Nikasema ni ya Ooko. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Sylvance Ooko? Huyo alitoka hapa tangu Januari. Zunguka nyuma, fuata moshi."

Nikafuata moshi. Nilimkuta ameinama na nyundo, anapasua betri kuukuu, maji yake yanatiririka kwenye vumbi. Mwenzake anayeyusha vyuma vya ndani kwa sufuria juu ya makaa. Hakuna glovu, hakuna kitu cha kufunika pua. Amevaa shati la kaki, pacha wa lile la Elsie. Na unajua alisema nini aliponiona? Hakuuliza mtoto yuko aje. Alisema, "Nani amekuelekeza?"

Nikamwambia jibu la damu palepale, watu wakisikia. Akaitazama mikono yake. Yule mwenzake aliacha kukoroga. Ooko akasema, "Mageti siku hizi hayawekwi, Nangila. Tungekula nini?" Nikaacha mkebe pale, nikarudi wodini.

Mama, sasa nisikilize hadi mwisho. Vumbi la hizo betri ndilo lililokuwa kwa shati. Daktari alinieleza taratibu na nikamwomba arudie. Kila mara tulipomfukiza tulimfungia chini ya hema la hilo vumbi, tukamwambia apumue sana. Kola aliyokuwa akinyonya ndiyo iliyokuwa imejaa. Na mimi nilikuwa nikifua nguo zingine za Ooko beseni moja na nguo za mtoto. Tulikuwa tunatafuta sumu huku tunampakulia.

Daktari hakukulaumu. Alisema majani yenyewe hayakumtia risasi, lakini hayawezi kuitoa, na yalitukalisha nyumbani mwezi mzima tukingoja. Huo mwezi ndio ninaoulilia.

Usitume tena majani. Usitume mafuta. Yakija nitayarudisha kwa basi hilo hilo. Nasema hivi nikikupenda, ila ni hivyo.

Na unijibu moja tu. Kifungu cha kamba nyekundu kilikuwa cha nini?

Nangila


Sega, 4 Agosti 2024

Nangila,

Nilijua ameacha mageti. Alikuja mazishi ya shangazi yake Aprili, nikaona anashindwa kushika koleo la kufukia kaburi. Nikambana, akaniambia anafanya kazi ya betri, nikampigia kelele, akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Nangila atanifukuza." Nilimtumia dawa ya kumsafisha. Nilidhani sumu inaingia mwilini mwa anayeishika na inakaa humo. Ningejuaje kwamba inapanda shati na kwenda nyumbani?

Unaniuliza kama karani wa mahakama. Mimi nilikuwa mama yake kabla sijawa mama yako, na siri ya mwanangu niliibeba kama ninavyobeba zako. Ulipolia hapa kwangu siku ile juu ya mimba iliyotoka, nani alijua? Hata yeye hajui.

Sasa nimekuwa mchawi wa wajina wangu. Sijala vizuri tangu barua yako. Jumatano kina mama waliniuliza habari za Elsie na nikasema anaendelea vizuri, halafu nikashindwa kuomba.

Niletee mtoto. Huku hakuna moshi, kuna maziwa, kuna nafasi ya kukimbia. Wewe uko kiwandani kutwa unapakia biskuti, Ooko ni mgonjwa na ni mkaidi, na huyo Marion atamtia tena miguu kwenye beseni. Nitamlea mimi. Usinikatalie.

Adoyo


Huruma, 22 Septemba 2024

Mama,

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua hii mara nyingi, na kila mara nikaona nimeandika kwa hasira, nikaichana.

Elsie yuko nyumbani. Dawa ya kuvuta ile risasi ilichukua muda kupatikana, na alipoanza kuinywa alilia hadi sauti ikakauka. Kipimo kinashuka. Hatapiki tena, anatembea bila kujigonga, juzi alikimbiza paka mpaka chini kwa lango. Ukimwona kwa mbali utasema amepona. Lakini bado hajasema neno. Nilimuuliza daktari lini maneno yatarudi. Alifunga faili kwanza, ndipo akanijibu. Alisema mengine huenda yakarudi, mengine tusiyangoje. Alisema tuongee naye sana.

Ooko amepimwa naye, ni mbaya. Aliambiwa aache ile kazi. Aliacha wiki mbili, akazunguka kila mahali akitafuta geti la kuchomelea, na mkono haushiki, na alirudi kwa betri. Nilimwambia basi nguo hizo hazitavuka mlango wangu, wala yeye ndani yake. Sasa anakaa na wenzake huko huko Kariobangi. Huja Jumapili akiwa ameoga, amevaa ile suti ya harusi kwa sababu ndiyo nguo pekee anayojua ni safi. Anakaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyekuja kuposa. Elsie humtazama. Jumapili iliyopita alimwendea nusu ya njia, akasimama, akarudi kwangu. Ooko alitoka nje na hakuaga. Mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo na sitaiondoa, lakini usidhani nalala vizuri.

Ulivyosema kuhusu siri, umesema kweli. Ulibeba yangu. Sijasahau. Lakini ile yangu haikuwa inanyonywa na mtoto.

Na kuhusu kukuletea Elsie, jibu ni hapana. Si kwa kukuadhibu. Anatakiwa kupimwa damu kila mwezi, na nikimtoa machoni mwangu sasa nitapata wazimu.

Ila njoo wewe. Usingoje Desemba. Marion sitamwachia tena, na zamu yangu kiwandani haijali nina mtoto wa namna gani. Nahitaji mtu wa kukaa naye mchana na kuongea naye, hata kama hajibu, na hakuna mtu ninayemjua anayeweza kuongea kutwa bila kujibiwa kama wewe. Hapo ucheke kidogo.

Kuna jambo unapaswa kujua kabla hujafika, nisije nikakuona unaumia mlangoni. Elsie anaogopa kikombe. Akiniona nimeshika kikombe chochote, cha maji, cha maziwa, hata kitupu nikikiosha, anaingia chini ya kitanda na kujiziba pua kwa mikono miwili. Analinda pua, Mama, anajua ndipo tulipokuwa tunamshika tukimnywesha mwarobaini. Uji anakula kwa kijiko. Maji anayatoa kwa kitambaa nilicholowesha, anafyonza. Muuguzi anasema nisimlazimishe, itaisha yenyewe. Imefika mwezi wa pili.

Kwa hivyo ukija usimkimbilie kumbeba. Usimwite jina. Keti tu pale sakafuni karibu na kitanda, umimine maji yako mwenyewe, unywe polepole anakuona. Umalize. Umimine mengine, unywe tena. Usimwambie anywe. Kunywa tu, ongea mambo yako, ya mvua, ya kina mama wa kanisa, ya ng'ombe. Mpe nafasi aone kikombe kinaenda kwa mdomo wa mtu mwingine na hakuna anayeshikwa.

Mimi nimejaribu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbana, kwa hivyo haniamini. Mkono wako wewe hakuuona ukimbana.

Njoo wiki hii ukiweza.

Nangila